Kelele za Mlango na Usingizi wa Mpangaji

Miongoni mwa methali tulizozikariri tangu madarasa ya chini ni ile isemayo kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Walimu wetu walitufunza maana yake ya ndani, kwamba mtu aliye na msimamo hababaishwi na maneno ya watu. Maana hiyo ni sahihi, wala makala haya hayakusudii kuipinga. Ninalokusudia ni kuirejelea maana yake ya nje, ile ambayo aghalabu tunairuka tukilikimbilia fumbo, ili niulize swali moja dogo. Je, kelele hizo zinapotoka kwa mwenye nyumba mwenyewe, na anayelala ndani ni mpangaji, ni usingizi wa nani utakaopotea?

Swali hili si la mzaha. Wengi wetu tunaosoma jarida hili ni wapangaji. Mabweni ya vyuo vyetu hayatutoshi, na ndiyo sababu mitaa kama vile Kahawa Wendani, Juja, Njokerio kule Njoro na Lurambi kule Kakamega imejaa vyumba vya wanafunzi. Katika mitaa ya aina hii ploti si makazi tu; ni mahali pa kazi pia. Chini kuna kisiagi cha unga, pembeni kuna seremala, nyuma kuna gereji au karakana ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Mara nyingi mwenye vyumba ndiye pia mwenye karakana. Hapo ndipo mpangaji anapojipata njia panda, kwa kuwa yule ambaye angemlalamikia ndiye anayelalamikiwa.

Mimi mwenyewe nimeishi katika hali hiyo. Nilipohamia chumba changu, ua wa nyuma ulikuwa na kamba za kuanikia nguo na mpapai mmoja. Miezi minne baadaye mpapai ulikatwa, mabati yakaezekwa, na karakana ya mageti na madirisha ya vyuma ikafunguliwa hatua chache kutoka dirishani pangu. Mashine ya kukatia vyuma, ile ambayo mafundi huiita graenda, ilianza kulia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku ambazo oda zilikuwa nyingi ilinyamaza saa nne za usiku. Mwenye nyumba hakuwa akilala pale. Alikuwa na boma lake mbali kidogo na mji, kwenye miti na utulivu. Methali yetu ilitimia kwake neno kwa neno: kelele hazikumnyima usingizi hata chembe.

Wapangaji tulikuwa kumi na wawili. Alikuwapo muuguzi aliyefanya kazi za usiku na kutegemea mchana ili alale. Alikuwapo mama mwenye mtoto mchanga, na mwengine aliyekuwa na binti wa kidato cha nne aliyejiandaa kwa mtihani. Nami nilikuwa na sura ya pili ya tasnifu, ambayo kwa wiki sita haikusonga aya tatu. Mtu ambaye hajawahi kusoma ushairi huku graenda ikikereza chuma atadhani natia chumvi. Hata hivyo, sikuanza kuandika makala haya kwa sababu ya graenda. Naandika kwa sababu ya yale tuliyoyafanya, na hasa yale ambayo kwa muda mrefu hatukuyafanya.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kunyamaza. Tulinung'unika bombani, tukanung'unika ngazini, lakini mzee alipopita tulimwamkia kwa heshima zote na kumuuliza habari za kazi. Tulijifariji kwa methali nyingine, kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba mnyonge hana haki. Hapa naomba kusema waziwazi kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu na methali tunazozipokea kama sheria. Methali husema mambo yalivyo. Si lazima iwe imesema yanavyopaswa kuwa. Aliyenena kwamba mnyonge hana haki huenda alikuwa analalamika, si kwamba alikuwa anatoa hukumu. Sisi tumeligeuza lalamiko lake kuwa kanuni ya maisha.

Jambo la pili lilifanywa na jirani mmoja, kijana wa mwaka wa tatu. Alipochoka alikataa kulipa kodi. Alisema hawezi kulipia chumba asichoweza kulala ndani yake. Maneno yake yalitugusa wengi, na karibu tumfuate. Mwezi wa pili ulipoisha alirudi jioni moja akakuta mlango wake una kufuli asilolijua. Sisemi kwamba kufuli lile lilikuwa la haki. Ninalosema ni kwamba kuanzia siku ile mjadala haukuwa tena juu ya kelele; ulikuwa juu ya deni. Mzee aliyekuwa na kosa akageuka kuwa mdai, na kijana aliyekuwa na haki akageuka kuwa mdaiwa. Alihama akiwa amepoteza amana yake.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kutafuta sheria inasema nini. Nilichokikuta kilinishangaza, na ningependa kila msomaji akijue. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inaweka katika mkataba wa kupanga ahadi ambazo si lazima ziandikwe. Mojawapo ni kwamba mpangaji atakaa kwa amani na utulivu muda wote wa mkataba, bila ya kuingiliwa isivyostahili na mwenye nyumba au na mtu anayetenda kwa niaba yake. Wala mtu asidhani kwamba ahadi hii ni ya wenye mikataba mirefu ya mawakili. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba mkataba wa muda mfupi, usiozidi miaka 2, waweza kufanywa hata kwa mdomo. Lakini ahadi hiyo ina sharti: mpangaji awe analipa kodi na kutimiza wajibu wake. Yaani jirani yetu, kwa kuzuia kodi, alikuwa amekiachilia kile hasa alichokuwa akikidai. Kodi si malipo ya kuta na mabati peke yake. Ni malipo ya utulivu pia, na anayeacha kulipa huuweka hatarini utulivu wenyewe.

Kuhusu kelele zenyewe, tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Katika eneo la makazi, kanuni hizo zinaruhusu desibeli 45 ndani ya nyumba na 50 nje wakati wa mchana. Usiku ni 35. Hata pale ambapo makazi yamechanganyika na biashara, kiwango cha usiku ni kile kile cha 35. Na usiku wa kanuni hizo hauanzi saa nne. Unaanza mara tu saa mbili inapopita, hadi saa kumi na mbili asubuhi. Graenda moja ikikata chuma huweza kupita desibeli 90 kwa aliye karibu nayo. Msomaji hahitaji kipimo ili ajue hesabu hiyo inaelekea wapi.

Lakini kilichonivutia zaidi si tarakimu. Kanuni hizo zinaorodhesha mambo ya kuzingatiwa kabla ya kusema kwamba kelele fulani imezidi: ni saa ngapi, iko karibu kiasi gani na makazi, ni ya kujirudiarudia au ya mfululizo, ina nguvu kiasi gani, imeongezwa kwa mitambo au la, na mwisho, iwapo anayeipiga anaweza kuidhibiti bila ya taabu au gharama isiyo ya kadiri. Jambo hili la mwisho lina hekima kubwa. Halimwambii fundi aache kazi. Linamuuliza tu: je, huwezi kuifanya kwa saa nyingine, au upande mwingine wa ua?

Tukiwa na maarifa hayo tuliketi wapangaji sita katika chumba cha muuguzi tukaandika barua. Nacheka ninapokumbuka. Tangu shule ya upili tumefunzwa barua rasmi, na anwani zake mbili, na mtajo, na ile MINT ya herufi kubwa iliyopigwa mstari. Tumeziandikia wakurugenzi na wakuu wa shule wasiokuwapo, tukapewa alama kumi na tano kati ya ishirini. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika barua rasmi nikitaka jambo litokee. MINT yetu ilisomeka: SAA ZA KAZI KATIKA KARAKANA. Hatukuandika kwamba kelele zimezidi, kwa kuwa neno hilo kila mtu hulipima kwa sikio lake. Tuliandika tarehe tisa na saa za kila tarehe. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya sauti. Mlio si mshindo, mvumo si mngurumo. Tuliitumia hazina hiyo. Tulieleza kwamba mshindo wa nyundo tunaweza kuuvumilia mchana, ila mlio wa graenda alfajiri na usiku ndio unaotushinda. Tulitaja sheria kwa sentensi mbili tu, mwishoni. Tukaambatisha maombi matatu: graenda isilie kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni, meza ya kukatia vyuma ihamishiwe ukuta wa mbali, na Jumapili iwe ya mapumziko.

Tulimwendea Jumapili alasiri, si kwa kishindo bali kwa adabu. Aliisoma barua mara mbili. Kisha akasema, "Watoto wangu, karakana hii ndiyo iliyojenga vyumba mnavyolala."

Hoja yake ilikuwa nzito, na tulinyamaza. Muuguzi ndiye aliyejibu: "Ni kweli, Mzee, wala hatutaki ifungwe. Tunaomba tu tujue itanyamaza saa ngapi."

Nimeyatafakari maneno yale mara nyingi, na nadhani ndiyo yaliyobeba kiini cha suala lote. Turudi kwenye methali. Kwa nini kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi? Si kwa sababu masikio yake ni mazito. Ni kwa sababu mlango ni wake. Anajua unavyolia, anajua ni nani anayeufungua, na akitaka anaweza kuutia mafuta au kuukomea. Kelele anayoimiliki mtu haimwudhi. Kinachomtesa mpangaji si mshindo peke yake, bali kukosa kauli juu ya mshindo huo. Hajui utaanza lini wala utakoma lini, na hana ruhusa ya kuuliza. Mpe kauli, na nusu ya kelele imetulia.

Ushahidi ninao. Mzee hakuitia barua yetu sahihi. Alisema yeye hatii sahihi barua za wapangaji. Lakini aliikunja akaitia mfukoni, na wiki ile ile meza ilihamishwa na saa zikabadilika. Fundi mkubwa alinifuata akanishukuru kwa siri, akaniambia kwamba masikio yake huendelea kuvuma hata akiwa amelala. Sikuwa nimemwaza. Nilikuwa nimemhesabu kuwa adui, ilhali yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na graenda kuliko sote. Tangu mwaka 2005 zipo kanuni za kulinda wafanyakazi dhidi ya kelele, zinazokataza mtu kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja, ila yeye hakuwahi kupewa hata vizibo vya masikio. Baadaye ilikuja oda ya vitanda vya shule moja ya bweni, na karakana ikalazimika kufanya kazi hadi saa tatu usiku kwa siku tano. Safari hii msimamizi wa ploti alipita mlango kwa mlango siku moja kabla, akatueleza ni siku zipi na akatuomba radhi. Graenda ilikuwa ile ile. Lakini mama mwenye mtoto alikwenda kulala kwa dada yake, mimi nikabaki maktabani hadi ilipofungwa, na hakuna aliyenung'unika bombani. Kisheria bado yalikuwa makosa. Kijirani yalikuwa yamevumilika, kwa sababu tulikuwa tumeulizwa.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Muuguzi hakupata suluhisho. Kazi yake ilimlazimu kulala mchana, na mchana ulikuwa wa mafundi. Alihama kabla ya mwaka kwisha. Kuna haki zinazogongana ambazo barua haiwezi kuzipatanisha, na si kila mwenye nyumba ataikunja barua aitie mfukoni, wengine wataichana. Kwa hao njia zaidi zipo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele, kwa hiyo ofisi ya mazingira ya kaunti ni mahali pa kubisha. Ipo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi wanaweza kuliendea baraza la kudhibiti kodi. Na Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi na salama bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Lakini popote atakapokwenda ataulizwa maswali yale yale: tarehe gani, saa ngapi, ulimwambia nani, na kodi umelipa? Barua ya kwanza ndiyo msingi wa hatua zote zinazofuata.

Wapo watakaosema kwamba jibu rahisi ni kuhama. Mwenzangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniambia hivyo, tena kwa huruma. Nilimjibu kwamba kuhama kuna gharama ya mkokoteni, amana mpya na kodi ya mwezi wa kwanza, na kwamba hakuna anayeahidiwa kuwa ua wa nyumba ya pili hautaezekwa mabati. Anayehama humwachia mpangaji ajaye kelele zile zile. Wapo pia watakaosema kwamba sisi wanafunzi hatuna uso wa kulalamikia kelele, kwa jinsi tunavyofungulia redio zetu usiku wa Ijumaa. Hao wana haki. Desibeli 35 za usiku zinamhusu mwanafunzi kama zinavyomhusu fundi, na tukitaka kusikilizwa tuanze kwa kupunguza sauti zetu.

Linabaki suala la lugha, ambalo ni letu hasa. Mkataba niliotia sahihi nilipohamia pale ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili, ukurasa mmoja na nusu, ulionakiliwa mara nyingi hadi herufi zikafifia. Ulisema mengi juu ya wajibu wa mpangaji. Juu ya utulivu wake haukusema neno. Kanuni za mwaka 2009 nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini mama wa mtoto mchanga hajawahi kuiona sheria inayomlinda katika lugha anayoiota. Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafunzwe sheria. Tunaisoma, tunaichambua, tunaandika tasnifu juu yake. Kisha tunarudi vyumbani kwetu bila ya kujua kwamba utulivu wetu una kifungu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama chetu ni hili. Tuandae mkataba wa mfano wa upangaji, wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili fasaha na chepesi, wenye kipengele kinachotaja saa za kazi ya kelele katika ploti na namna ya kutoa taarifa saa hizo zinapobadilika. Tuzifasiri kanuni za kelele. Wahadhiri wetu wa tafsiri wanaweza kulifanya zoezi hilo kuwa kazi ya muhula, na wale wa uandishi wa kiuamilifu wakawapa wanafunzi barua za kweli za kuandika badala ya zile za wakuu wa shule wasiokuwapo. Wenzetu wa kitivo cha sheria wakague kazi hiyo kabla haijabandikwa kwenye mbao za matangazo za mitaa tunayoishi.

Namalizia kwa neno lenyewe: mwenye nyumba. Katika mazungumzo yetu ya kila siku ni yule mwenye hatimiliki. Katika methali ni yule aliyelala ndani, mlango ukilia. Sheria, kwa namna yake, imekubaliana na mhenga, kwa kuwa muda wote kodi inapolipwa yule aliye ndani ndiye mwenye kukaa kwa utulivu. Tasnifu yangu imefika sura ya nne, na graenda bado inalia. Naisikia ninapoandika sentensi hii. Ni saa kumi alasiri, na najua itanyamaza saa kumi na mbili.